Fidla Mbili za Ayalandi

Ayalandi ni kisiwa kilichoko magharibi ya Ulaya. Watu wake hupenda sana kucheza, na mchezo wao mmoja huitwa rili. Mahadhi ya rili ni ya haraka, nayo kwa desturi yana sehemu mbili: mpigaji huipiga ya kwanza mara mbili, kisha ya pili mara mbili, halafu hurudi mwanzo. Chombo kinachopendwa kwa rili ni fidla, yenye nyuzi nne zinazosuguliwa kwa upinde.

Hapo zamani watoto wengi walijifunza rili kwa masikio, wakiketi karibu na wazee penye moto. Kwa hiyo rili ile ile ilisikika mbalimbali kila mahali, kama lugha moja yenye lafudhi nyingi. Katika wilaya ya Sligo mvuto mmoja wa upinde ulichukua sauti kadhaa, na mahadhi yalitiririka kama maji, yenye mapambo mengi. Katika wilaya ya Donegal, iliyoko kaskazini, aghalabu kila sauti ilipewa mvuto wake, ikasikika wazi na kali. Tena watu wa Donegal walizoea kwenda Uskoti kufanya kazi, wakarudi na mahadhi ya huko.

Mwaka 1914 kijana mmoja wa Sligo, jina lake Michael Coleman, alikwenda Marekani. Tangu mwaka 1921 fidla yake ilitiwa katika santuri. Santuri hizo zikavuka bahari zikafika Ayalandi, na waliozisikia wakastaajabu. Vijana wengi wa wilaya nyingine wakataka kupiga kama Coleman. Mwendo wa babu zao wakauona duni, wakauacha. Coleman hakukusudia jambo hilo. Ustadi wake ndio uliowavuta.

Lakini huko Donegal alikuwako John Doherty, mfua bati, aliyetembea kijiji kwa kijiji akiuza vyombo, na usiku akipiga fidla nyumbani mwa watu. Yeye aliushika mwendo wa jamaa zake mpaka alipofariki mwaka 1980. Watu walimwendea na mashine za kunasa sauti, na hata leo vijana hujifunza kwa kuzisikiliza rili alizopiga. Basi ufundi ule ule wa kunasa sauti, uliokaribia kuzima mwendo wa wilaya, ndio uliosaidia kuuhifadhi.

Kumwiga fundi si kosa. Kosa ni kukidharau cha nyumbani. Wahenga walisema, Mwacha asili ni mtumwa.