Kabla ya Kununua Ploti Makindu

SWALI: Mimi na mke wangu tunataka kununua ploti Makindu tujenge nyumba ya familia. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na karatasi, ndugu yangu. Fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi moja, kisha mpimaji awaonyeshe vigingi vya mipaka. Kama ni ardhi ya kilimo, ombi la kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali, mauzo ni batili. Ploti iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa ikaguliwe isije ikawa imeingia kwenye hifadhi ya barabara.

Halafu chimbeni shimo muone aina ya udongo. Udongo mweusi huvimba mvua ikinyesha na kupasuka wakati wa kiangazi, hivyo msingi wake hugharimu zaidi.

Katika bajeti, wekeni maji mbele. Paa la mita 100 za mraba huvuna karibu lita 1,000 kwa kila milimita 10 za mvua. Tengeni fedha za mifereji na tangi, pamoja na ushuru wa stempu, ada za kaunti na akiba ya dharura.

Msinunue kwa haraka: ploti ya bei rahisi isiyo na hati safi ndiyo ghali kuliko zote.