Mabega Yakipanda, Anza Hapo

Maharage yako mbaburani tangu saa tisa, makaa yanaanza kufifia, mara geti linalia. Hata mumeo hajavuka kizingiti, mabega yako yameshapanda na taya zimekaza. Kwa mama wa Buyenzi, hapa Bujumbura, ambaye ndoa yake imeingia mchanga, pa kuanzia ni hapo, kabla ya neno lolote kutoka.

Njia hii ya kuangalia kinachotokea sasa hivi mwilini na akilini, wataalamu wanaiita tiba ya kumakinika. Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 Massachusetts, Marekani, kwa mpango uliowahudumia wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Baadaye wenzake wakaigeuza iwasaidie watu waliopona sonona isiwarudie. Ndoa haikuwamo kwenye hesabu zao, lakini mwenye maumivu ya kila siku na mwenye mume asiyesemeshana naye wanajuana.

Mazoezi yaanze wakati hakuna ugomvi. Baada ya swala ya alfajiri, nyumba ikiwa bado imelala, kaa dakika kumi ukifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Akili itakimbilia deni la dukani au maneno ya wifi. Irudishe bila kujigombeza. Huko kuirudisha ndiko zoezi lenyewe. Anayejua kutafuta khushuu kwenye swala hapa si mgeni. Ila kama kufumba macho kunakurudisha kwenye mauaji ya 1993 au machafuko ya 2015, yaache wazi, utazame makaa yanavyowaka.

Ugumu uko kwenye mawazo. Mumeo kaingia bila salamu: hilo umeliona. "Ana mwingine," "kanichoka": hayo umeyajazia mwenyewe. Huenda ni kweli, huenda kapanga foleni ya mafuta tangu asubuhi. Jiambie, "Nawaza kwamba kanichoka," uone jinsi neno hilo "nawaza" linavyolegeza kamba. Kisha umwambie lile uliloliona tu: "Baba Amina, umepita bila salamu, nimeumia." Hapo ana kitu cha kujibu. Ukimwambia "wewe siku zote uko hivyo," ana kitu cha kukana.

Nisieleweke vibaya. Shangazi zetu wametufundisha kuvumilia vya kutosha, na sitaki pumzi iwe jina jipya la kuvumilia. Anayepigwa au kulazimishwa kitandani hahitaji kumakinika, anahitaji usalama. Burundi ina sheria dhidi ya ukatili wa kijinsia tangu Septemba 2016, na Kituo cha Seruka hapa Bujumbura kimekuwa kikiwapokea waliobakwa tangu 2003. Usingizi na hamu ya kula vikipotea kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge. Watu watasema umepata wazimu. Waache waseme.

Wiki ya kwanza ya mazoezi utakumbuka pumzi baada ya kumjibu vibaya, pengine usiku ukiwa umelala ukitazama dari. Hata huko ni kukumbuka. Wiki ya pili au ya tatu utakumbuka katikati ya sentensi. Nyamaza papo hapo, hata kama neno limebaki nusu mdomoni. Vuta pumzi, shusha mabega, funua sufuria ugeuze maharage. Atakuuliza ulikuwa unataka kusema nini.