Cheo cha Sultani: Maswali na Majibu

Sultani ni nani, na anatofautiana vipi na khalifa?

Katika matumizi yake ya mwanzo neno hili la Kiarabu halikumtaja mtu, kwa kuwa ndani ya Kurani linabeba maana ya hoja au mamlaka, na kwa karne kadhaa waandishi walilitumia kuitaja serikali yenyewe. Khalifa alihesabiwa kuwa mrithi wa Mtume katika kuuongoza umma, na kwa nadharia alitakiwa awe mmoja tu, ilhali sultani ni yule aliyeshika nguvu za dola, yaani jeshi, hazina na utoaji wa adhabu, pasipo kudai urithi huo, na kwa sababu hiyo masultani waliweza kuwa wengi kwa wakati mmoja.

Watawala walianza lini kuitwa hivyo?

Cheo hiki kilikua kutokana na udhaifu wa Baghdad. Tangu mwaka 945 mji huo ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Kibuyi kutoka Iran, uliowaachia makhalifa wa Kiabbasi heshima na kuwanyang'anya jeshi. Mapokeo humtaja Mahmud wa Ghazni, aliyetawala kuanzia 998 hadi 1030, kuwa wa kwanza kuitwa sultani, lakini waliokifanya kuwa cheo rasmi, kilichopigwa kwenye sarafu, ni Waseljuki, Waturuki ambao kiongozi wao Tughril aliingia Baghdad mwaka 1055 na kutambuliwa na khalifa al-Qaim. Mwanasheria al-Mawardi, aliyeishi katika misukosuko hiyo na kufariki mwaka 1058, alieleza katika kitabu chake al-Ahkam al-Sultaniyya kwamba mtu aliyelitwaa jimbo kwa nguvu anaweza kuidhinishwa na khalifa ili hukumu za sheria zisisimame. Wapo wanaoiona rai hiyo kuwa ni kusalimu amri mbele ya upanga, ingawa ni haki zaidi kuiona kuwa jitihada ya kumlazimisha mwenye upanga aombe idhini.

Raia walimtambuaje mtawala halali?

Kwa alama mbili: jina lake kutajwa katika khutba ya Ijumaa, na jina hilo hilo kupigwa kwenye sarafu. Alama hizi zilikuwa na uzito kiasi kwamba Shajar al-Durr, mwanamke aliyetawala Misri kwa miezi michache mwaka 1250, alitajwa katika khutba na kupigiwa sarafu, jambo linaloonyesha kwamba cheo kilifuata mamlaka hata pale desturi ilipokunja uso. Katika pwani ya Afrika Mashariki, watawala wa Kilwa nao walipiga sarafu zenye majina yao, na Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, alimkuta al-Hasan bin Sulaiman akitawala, naye akamwita sultani.

Kwa nini watawala wa Zanzibar waliitwa Seyyid, na wakati mwingine Imamu?

Hapa historia ya Oman haikwepeki. Kwa Waibadhi, madhehebu yenye nguvu nchini humo, kiongozi halali ni imamu anayechaguliwa na wanazuoni na wakuu wa makabila kwa sifa zake za elimu na uadilifu, wala si kwa nasaba. Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Busaidi, alichaguliwa hivyo katikati ya karne ya 18, na mwanawe Said akamfuatia. Lakini huyu wa pili alibaki na cheo chake Rustaq huku mwanawe Hamad akiishika serikali Maskati, mfano ambao wazee wa Baghdad wangeutambua mara moja. Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia 1806 hadi 1856 na kuhamishia makao yake Zanzibar, hakuchaguliwa kamwe kuwa imamu, akatosheka na Seyyid, yaani bwana, ambayo katika ukoo huo ni heshima ya utawala na haidai kizazi cha Mtume kama ilivyo kwa masharifu. (Msomaji asidanganywe na jina lake: Sultan lilikuwa jina la baba yake.) Wageni wengi waliendelea kumwita Imamu kwa mazoea, wakati mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833 ulimwita Sultani wa Maskati.

Baada ya kifo chake wanawe waligombania urithi, Thuwaini akiwa Maskati na Majid akiwa Zanzibar, hadi Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, alipoamua mwaka 1861 kuzitenganisha nchi hizo na kuitaka Zanzibar iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Yafaa kusemwa wazi kwamba usultani wa Zanzibar, kama dola ya peke yake, ulithibitishwa kwa kalamu ya mgeni, na haukupitia uchaguzi wa wanazuoni. Hata hivyo ulidumu hadi Mapinduzi ya Januari 1964, Jamshid bin Abdullah alipoondolewa madarakani.

Cheo hiki kiko wapi leo?

Wapo waliokiacha kwa hiari: Misri ilichukua cheo cha mfalme mwaka 1922, na Moroko mwaka 1957, kwa kuwa mfalme alionekana kulingana zaidi na wakuu wa mataifa ya Ulaya. Uturuki iliufuta usultani mwaka 1922, ikauacha ukhalifa peke yake hadi ulipofutwa nao mwaka 1924. Nchi huru zinazotawaliwa na sultani sasa ni Oman na Brunei. Sultani wa Sokoto, Nigeria, hana dola, ila ana sauti kubwa miongoni mwa Waislamu wa nchi yake. Na nchini Malaysia, ambako watawala saba kati ya tisa wa majimbo huitwa masultani, wote tisa humchagua mmoja wao kuwa mkuu wa nchi kwa miaka mitano.