Roketi imeanguka: uchunguzi unaanzia wapi?

Pwani ya Malindi si ngeni kwa roketi. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini Ngomeni, roketi za Scout zilipeleka setilaiti angani kati ya 1967 na 1988, ikiwemo Uhuru, iliyorushwa Desemba 12, 1970. Siku hizi hata wanafunzi na mafundi wa kujitegemea huunda za kwao. Tuseme basi moja imerushwa Marafa, ikapaa vizuri, kisha ikaharibikia hewani.

Swali: Roketi ya burudani yenye nguvu kubwa ni ipi hasa?

Jibu: Kwa kipimo cha Marekani, ni ile ambayo injini yake hutoa msukumo wa jumla unaozidi newtoni-sekunde 160, au yenyewe ina uzito wa zaidi ya gramu 1,500. Inaweza kupanda kilomita moja na zaidi, kwa hiyo hairushwi bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Swali: Ikishaanguka, nifanye nini kwanza?

Jibu: Usiikimbilie. Baruti ya kufungulia mwavuli huenda haijalipuka, basi zima saketi kabla ya jambo lolote. Piga picha ya kila kipande pale pale kilipolala na uandike mahali kwa GPS ya simu. Kilichoangukia ndani ya korongo la Nyari, hapo Marafa, usikifuate peke yako, maana zile kuta za mchanga humomonyoka. Waombe vijana wanaotembeza wageni. Kipande kilichoachwa nyuma kwenye njia ya roketi huenda ndicho kilichong'oka kwanza, ila chepesi hupeperushwa, usikiamini upesi.

Swali: Sote tuliona mwavuli ukichanika. Si ndio chanzo?

Jibu: Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mlichokiona ni mwisho wa mkasa. Mchunguzi anatafuta jambo la kwanza lililokwenda kombo. Mwavuli ulifunguka sekunde ya ngapi, roketi ikiwa na kasi gani? Isome rekodi ya altimita, kile kifaa cha kupima kimo kilichomo ndani ya roketi. Roketi ikikaribia kasi ya sauti, shinikizo la hewa kwenye mwili wake hubadilika ghafla, na altimita isiyo na kinga hudhani kilele kimefika, ikawasha baruti. Utaona mstari wa kimo umeruka ghafla wakati kihisi cha mchapuko kinaonyesha roketi bado inakwenda mbio, na mwili wake umechanwa kwa urefu na kamba ya mwavuli.

Swali: Na injini ikipasuka?

Jibu: Fungua kasha utazame oringi, ule mpira wa duara unaozuia gesi isivuje. Ukiwa umeungua upande mmoja tu, na chuma cha hapo kimetoboka, gesi ilipita hapo. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kiliangamia hivyo Januari 28, 1986, sekunde 73 baada ya kuondoka: oringi ilikuwa imekakamaa kwa baridi. Kwetu adui ni unyevu. Mafuta yabisi yenye sukari hunyonya maji ya hewani yakawaka kwa kusuasua. Yenye ufa nayo huwaka kwa eneo kubwa kupita kiasi, shinikizo likapasua kasha. Uliza yalihifadhiwa wapi.

Swali: Upepo je?

Jibu: Roketi iliyo imara huelekeza pua upepo unakotoka, kwa hiyo kusi ikivuma, kuegemea kusini kidogo si hitilafu. Ikipinduka, kagua mizani: kitovu cha uzito kiwe mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa, angalau kwa unene mmoja wa mwili. Kagua na mapezi. Gundi iliyobaki laini, bila nyuzi za mbao, yaonyesha pezi halikushika tangu karakana. Mwaka 2009 huko Kongo, roketi Troposphère 5 ya Jean-Patrice Keka, iliyobeba panya, iliacha njia ikaanguka. Video ya tukio kama hilo inakupa dalili tu. Chanzo kimo kwenye mabaki na rekodi.

Swali: Nitajuaje nimepata jibu?

Jibu: Andika kila chanzo kinachowezekana, na mbele yake ushahidi unaokiunga mkono na unaokipinga. Kisha kijaribu ardhini. Altimita, kwa mfano, itie kwenye chupa iliyozibwa, baruti ikiwa imeondolewa, unyonye hewa uone itatoa amri lini. Kosa lisipojirudia, bado unakisia. Likijirudia, rekebisha hilo tu. Ukibadilisha vitu vitano kwa mpigo, roketi itapona bila wewe kujua ilikuwa ikiumwa nini.