Mashua ya Siri



Sisi wa Kibabii hatuna bahari. Maji makubwa ya karibu ni Ziwa Victoria. Hata hivyo dhoruba tunaijua. Januari ikifika, miwa imekatwa lakini malipo hayajaja, mahindi yameshauzwa, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Hapo mume na mke huanza kufichana.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo, akiwa mfungwa, alisafiri kwenda Italia katika merikebu yenye watu 276. Usiku wa 14 wa dhoruba, mabaharia waliteremsha mashua ndogo, wakisingizia kwamba wanakwenda kushusha nanga. Kumbe walitaka kutoroka. Paulo akawaonya askari kwamba hao wakiondoka, waliobaki hawataokoka. Askari wakazikata kamba, mashua ikachukuliwa na maji.

Katika ndoa yenu, mashua ya siri ni ipi? Mume anakopa kwa hati ya shamba bila kumwambia mke. Mke anaweka fedha kwenye chama, kisha anasema hana hata shilingi. Mwingine ana mpenzi mjini Bungoma au Kitale. Ukimwuliza, kila mmoja atakuambia anashusha nanga: anawatunza watoto. Lakini moyo wake umeshaanza kuhama.

Basi, kateni kamba. Ketini wawili tu, kila mmoja ataje deni lake na akiba yake. Punguzeni mizigo, wale hata ngano waliitupa baharini. Tena kuleni pamoja, kwa maana Paulo aliwahimiza wote wale, akamshukuru Mungu mbele yao.

Lakini tuelewane: kubaki merikebuni si kuvumilia kipigo. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inaruhusu kutengana na mwenzi anayeleta hatari kubwa kwa mwenzake au kwa watoto. Na kama kuchelewa ni hatari, mtu anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe.

Merikebu ile ilivunjika huko Malta, lakini watu wote 276 walifika nchi kavu, wengine juu ya mbao. Shamba na ng'ombe vinaweza kupotea. Ninyi fikeni pamoja.

Mazungumzo ya jioni:
1. Ni jambo gani la fedha ambalo sijakuambia?
2. Ni mzigo gani tuutupe mwezi huu?