SOMO: Gari la Kikundi – Anza na Mzigo, Usianze na Gari

Vikundi vingi vimekuwa vikiuliza jambo moja: tukitaka gari dogo la kazi za shambani, linaloweza kupita njia mbaya, tununue lipi? Somo hili ni la kusomwa pamoja katika mkutano wa kikundi. Asiyejua kusoma asomewe, kisha watu wazungumze.

IGIZO FUPI

Watu wanne waigize mbele ya wenzao.

KIJANA: Mama Mwenyekiti, nimeiona huko Nairobi! Ina magurudumu manne manene na karai nyuma. Wanasema inapita kila mahali. Tuichukue kabla haijauzwa.

MAMA MWENYEKITI: Pole pole, mwanangu. Hiyo pesa ni akiba ya miaka mitatu.

MWEKA HAZINA: Na ikiharibika, nani ataitengeneza?

KIJANA: Ah, mama, gari mpya haiharibiki.

MZEE: Mimi nimeishi siku nyingi, kijana wangu. Kila gari niliyoijua iliharibika. Swali ni iliharibikia wapi, na fundi alikuwa umbali gani.

Ulizaneni: Kijana ana haki gani? Mzee ana haki gani? Kijana amechoka kumwona mama yake akipanda mlima na kuni mgongoni, kamba ikimkata kipajini. Hilo si jambo la kuchekwa. Lakini Mzee naye anasema kweli. Somo letu linataka kuwapatanisha hao wawili.

HATUA YA 1: PIMENI MZIGO

Kabla ya kwenda dukani, chukueni daftari. Kwa majuma mawili andikeni kila mzigo unaobebwa: ni nini, kilo ngapi, unatoka wapi, unakwenda wapi, mara ngapi kwa juma.

Maji ni rahisi kupima. Lita moja ni kilo moja. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na mitungi 20 ni kilo 400. Gunia la viazi kwa kipimo cha sheria ya mwaka 2019 lisipite kilo 50, kwa hivyo gunia 10 ni nusu tani. Majani ya ng'ombe hayana uzito sana lakini yanataka nafasi. Maziwa hayana nafasi kubwa lakini hayangoji. Muuzaji akisema gari lake linabeba kilo 400, mtajua mara moja kama linawatosha. Kumbukeni pia kuuliza kama katika hizo kilo amemhesabu dereva.

HATUA YA 2: TAZAMENI NJIA

Gari haliharibiwi na umbali peke yake. Njia ndiyo hulimaliza. Upande wa magharibi wa Nairobi, kuanzia Kangemi na Dagoretti kupanda hadi Kabete na Kikuyu, udongo ni mwekundu. Mvua za masika za Machi hadi Mei zikinyesha, unateleza kama sabuni, na vilima ni vingi. Ukitelemka kwenye tambarare za kusini na mashariki ya mji, unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata na kujaza tairi mpaka gurudumu likataa kuzunguka. Gari linaloweza mmoja huenda likashindwa na mwingine.

Tembeeni njia yenu kwa miguu. Andikeni: kilima kikali ki wapi? Kuna mto wa kuvuka? Katikati ya njia kuna tuta la nyasi au mawe? Upana wa daraja ni hatua ngapi?

HATUA YA 3: JUENI AINA ZA VYOMBO

a) Mkokoteni na gari la punda. Msidharau. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, kando ya katikati ya mji wa Nairobi, wanatengeneza matoroli na vyombo vingi vya chuma, na fundi wa kuchomelea wa kwenu anaweza kutengeneza gari la punda kwa ekseli kuukuu. Halitaki petroli wala leseni ya udereva. Lakini punda ni kiumbe wa Mungu: asipigwe, asibebeshwe kupita nguvu zake, na akipata kidonda apumzishwe.

b) Pikipiki. Inapita kila kichochoro na spea ziko kila soko. Lakini ni chombo cha mzigo mdogo. Gunia tatu juu ya pikipiki moja ni kutafuta kifo.

c) Tuktuk ya mizigo, ile ya magurudumu matatu yenye karai nyuma. Hii imekuwa rafiki wa wafanyabiashara wengi wadogo. Inafaa kwa lami na murram iliyosawazishwa. Shida yake iko kwenye njia yenye mikondo miwili ya magurudumu: tairi mbili za nyuma zinapita kwenye mikondo, lakini ile moja ya mbele inapanda juu ya tuta la katikati, penye mawe na nyasi. Kwa hivyo usukani unapigana na dereva. Pia mzigo ukirundikwa nyuma kabisa na gari likapanda kilima, gurudumu la mbele huwa jepesi na linaweza kuinuka. Na kwenye kona ya ghafla huanguka upesi.

d) Kigari cha shambani cha magurudumu manne, ambacho wengine hukiita bagi. Ndicho alichokiona Kijana. Si jambo jipya duniani: Kawasaki walianza kuuza chao kiitwacho Mule mwaka 1988, na John Deere walileta Gator mwaka 1992. Uzuri wake ni kwamba kiko juu kutoka chini, tairi zake pana hazizami upesi wala hazikandamizi shamba sana, na vingi vinasukumwa na magurudumu yote manne.

Lakini ulizeni mambo matatu. Kwanza, vingi havina gia kama za pikapu. Nguvu inapitishwa na mkanda wa mpira. Ukipanda kilima na mzigo mzito bila kuingiza gia ya chini, mkanda unaungua. Je, mkanda wa pili unapatikana Nairobi, au unaagizwa ng'ambo? Pili, kuna kifaa cha kufunga magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja? Bila hicho, gurudumu moja likiwa kwenye tope linazunguka bure na lenzake linasimama. Tatu, na hili ni kubwa: kinaweza kupewa namba ya barabarani? Vigari vingi vya namna hii vimeundwa kwa shamba tu. Bila kusajiliwa na NTSA na bila bima, hamwezi kukipitisha barabara ya serikali, hata kama ni kuvuka tu kwenda sokoni. Basi kikundi ambacho soko lake ni Kangemi au Marikiti kitabaki na gari lisiloweza kufika huko.

e) Pikapu iliyotumika. Inafika shamba na soko pia. Kama imeingizwa nchini kutoka ng'ambo, sheria ya Kenya haikubali gari lenye zaidi ya miaka minane. Likiwa limetumika hapa nchini, linganisheni namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye logibuku, na mhakikishe mwenyewe katika rekodi za NTSA kabla ya kutoa hata shilingi moja.

HATUA YA 4: TAFUTENI FUNDI KABLA YA GARI

Mkishuka Nairobi, msianzie kwenye duka la magari. Anzieni Kirinyaga Road, ile ambayo wazee waliijua kama Grogan Road. Huko kumejaa maduka ya spea. Mwende na majina ya vitu vitano: breki za mbele, klachi au mkanda, bearing ya gurudumu, chujio la oili, na tairi. Ulizeni katika maduka matatu: kuna? Ni pesa ngapi? Ni ya leo au ya kuagiza? Maduka yote matatu yakitikisa kichwa, mmepata jibu lenu bure, kwa nauli ya matatu tu.

Baadaye ndipo mtazame magari yenyewe. Barabara ya Ngong ina yadi nyingi za kuuza magari. Na katika uwanja wa Jamhuri, kando ya barabara hiyo hiyo, hufanyika maonyesho makubwa ya kilimo na biashara kila mwaka. Hapo mnaweza kulinganisha mashine nyingi siku moja bila kusukumwa na muuzaji. Mwende watu watatu, mmoja wao awe fundi na mmoja awe mama atakayebeba mzigo.

Historia yetu wenyewe inafundisha. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipewa kazi ya kuunda gari la Kenya, na Nyayo Pioneer likaonyeshwa mwaka 1990. Lilitembea, lakini halikufika sokoni. Miaka ya karibuni kampuni ya Mobius, hapa Nairobi, iliunda gari rahisi lenye nguvu kwa ajili ya njia mbaya za mashambani. Wazo lilikuwa zuri. Hata hivyo Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufungwa kwa sababu ya madeni, ndipo mnunuzi akajitokeza. Hatusemi hayo kwa kuwacheka wenzetu waliojaribu. Tunasema: mnunuzi wa gari lolote, la hapa au la ng'ambo, ajiulize atapata spea wapi aliyelitengeneza akitetereka.

HATUA YA 5: FANYENI HESABU

Huu ni mfano tu. Wekeni bei za kwenu. Tuseme kikundi kinapeleka gunia 10 sokoni mara mbili kwa juma, na sasa kinalipa Sh 100 kwa kila gunia. Kwa majuma manne ni Sh 8,000. Wakinunua chombo chao, kwa mwezi:

Petroli: Sh 3,200
Dereva: Sh 4,800
Bima, oili na tairi: Sh 2,000
Akiba ya kununua kingine: Sh 3,000
Jumla: Sh 13,000

Hasara ni Sh 5,000 kila mwezi. Ili waponee, ni lazima wabebe mizigo ya majirani, zaidi ya gunia 50 kwa mwezi, maana safari za ziada nazo zinakula petroli. Ikiwa majirani hawana mizigo hiyo, jibu la hekima ni gari la punda, au kuendelea kukodi. Hiyo si aibu. Wengi husahau mstari ule wa akiba, na ndiyo sababu gari likifa kikundi nacho kinakufa.

HATUA YA 6: ANDIKENI MAKUBALIANO

Gari la watu wote hugeuka haraka kuwa gari la mtu mmoja. Kikundi kiwe kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kabla ya kulipa, ulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii logibuku liandikwe kwa jina la nani. Ikibidi yawe majina ya watu, makubaliano yatiwe sahihi na wanachama wote. Ufunguo ukae kwa nani? Matanga ya mwanachama yatalipiwa mafuta na nani? Mume wa mweka hazina akiliomba Jumapili? Andikeni sasa mkiwa bado mnapendana.

Bwana Yesu, katika Luka 14, aliwakumbusha watu kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu, asije akauacha nusu na kuchekwa. Ndugu zangu, kuketi huko si kukosa imani. Ni kuheshimu jasho la yule mama aliyeleta shilingi yake kila juma kwa miaka mitatu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni mzigo gani unaotuumiza zaidi, na nani hasa anaubeba?
2. Njia yetu ikoje mwezi wa Aprili?
3. Fundi wetu wa karibu anajua chombo gani vizuri?
4. Tukitengeneza sehemu mbaya ya njia wenyewe, kwa jembe na changarawe, chombo cha bei nafuu zaidi kingetosha?
5. Baada ya kuzungumza, tungemwambia nini Kijana? Na Mzee je?