Chakula cha Mbwa cha Dukani: Namba Ndogo Yenye Kazi Kubwa

Wafugaji wa mbwa katika Manispaa ya Kigoma Ujiji na vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika huwalisha wanyama wao kwa njia kuu mbili: ugali wa nyumbani uliochanganywa na dagaa au vichwa vya samaki, na chakula cha kiwandani kinachouzwa madukani. Somo hili linahusu njia ya pili. Baada ya kulisoma, mlaji ataweza kutambua chakula kisichofaa na kutusaidia kukifuatilia.

Hatari isiyoonekana

Chakula kingi cha mbwa hutengenezwa kwa nafaka, hasa mahindi, pamoja na unga wa samaki au nyama, mashudu na mafuta. Mahindi yasiyokaushwa vizuri, au yaliyohifadhiwa penye unyevu, huota fangasi wanaotoa sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho, haina harufu, na haiondolewi kwa kuchemsha. Hushambulia ini. Mwaka 2016, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugua watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Mbwa naye yumo hatarini, kwa kuwa hula chakula kilekile cha mfuko mmoja siku baada ya siku.

Kazi ya namba ya toleo

Kila mfuko halali unapaswa kuonesha jina na anwani ya mtengenezaji, viambato, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Wanunuzi wengi huipuuza namba hiyo. Mfano wa Marekani unaonesha thamani yake. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, chakula cha mbwa chenye sumukuvu kilihusishwa na vifo vya mbwa zaidi ya 110. Kiwango cha juu kinachokubalika nchini humo ni sehemu 20 katika kila bilioni. Baadhi ya sampuli zilifikia 558. Mifuko iliyotiliwa shaka ilitambuliwa kwa tarakimu 05 katika namba yake, zilizoonesha kiwanda kilikotoka. Mwenye mfuko aliweza kujua mara moja kama wake umo.

Tatizo la kupimiwa

Katika masoko yetu, muuzaji hufungua mfuko mkubwa na kuwapimia wateja kwa kilo. Bei huwa nafuu, lakini lebo hubaki dukani, kisha hutupwa. Mbwa akiugua, mfugaji hawezi kusema alinunua toleo lipi, nasi hatuwezi kujua mifuko mingine ya toleo hilo imekwenda wapi. Aidha, mfuko ulioachwa wazi hunyonya unyevu, hasa wakati wa masika.

Mambo ya kufanya

1. Nunua mfuko uliofungwa. Ukilazimika kupimiwa, omba kuoneshwa mfuko wenyewe na upige picha ya lebo yake.
2. Kataa chakula chenye ukungu, uvundo, mabonge au wadudu, na kilichopitwa na tarehe.
3. Kihifadhi ndani ya mfuko wake, katika chombo chenye kifuniko, juu ya kichanja na mbali na ukuta.
4. Tunza lebo na risiti hadi chakula kiishe.

Dalili na hatua

Mbwa aliyekula sumukuvu hulegea, hukataa chakula, hutapika au kuhara, na macho au ufizi wake huweza kuwa wa njano. Acha kumpa chakula hicho papo hapo na umwone daktari wa mifugo. Usikigeuze kuwa chakula cha kuku au nguruwe. Hifadhi nusu kilo katika mfuko safi na mkavu pamoja na lebo, kisha toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata. Sampuli huweza kupimwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania.

Wakaguzi wetu hawawezi kuwapo katika kila duka kila siku. Taarifa yenye namba ya toleo hutuwezesha kuanza kazi kwenye mfuko unaojulikana. Isiyo na namba hutuacha tukitafuta soko zima.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuchemsha chakula chenye sumukuvu hakutoshi?
2. Taja mambo matano yanayopaswa kuwapo kwenye lebo.
3. Mfuko ulio nyumbani kwako una namba gani ya toleo?